Tupeane uzoefu: Uliyewahi kuwa na ukaribu na kulungu, njoo usimulie

Umande wa Alfajiri (mwanzilishi wa mada)

Wadau, poleni na majukumu. Mada hii nimeiahirisha muda mrefu nikidhani ni jambo langu peke yangu. Juzi nikamwona dada mmoja hapa akiandika kwamba hakuna mnyama anayemlainisha moyo kama kulungu, nikasema kumbe tupo.

Ninaposema kulungu nakusudia wale wa pembe za matawi, zinazodondoka na kuota upya kila mwaka, ambao wengine huwaita ayala. Swala na paa nawapenda pia, ila pembe zao hazidondoki na wanastahili mada yao.

Nianze mimi. Miaka ile nilikuwa nafanya kazi za usiku, na nyumba niliyopanga ilipakana na msitu. Nikirudi kabla jua halijachomoza namkuta jike mmoja kando ya ua, sikio la kushoto limechanika. Siku za mwanzo akiniona tu anainua mguu wa mbele na kupiga kwato chini, mara mbili tatu, kisha mkia juu, ule weupe wake unaonekana, na huyo ametokomea. Ndivyo wanavyopeana habari ya hatari. Sikumfuata wala kumwita, na chakula sikumpa. Nilikuwa nasimama mpaka aondoke mwenyewe, ndipo nafungua mlango.

Ilichukua miezi. Kutoka hatua hamsini ikawa ishirini, na kuna alfajiri nilipita yeye akaendelea kucheua. Niliingia ndani nikakaa na koti langu mwilini, hata viatu sikuvua, kwa furaha.

Msimu wa kuzaa ulipofika nikarudi kazini nikakuta kitoto cha madoadoa kimejikunja chini ya dirisha langu, kimya. Mama hayupo. Jioni nilipoamka alikuwa amekuja kukinyonyesha. Kesho yake hivyo hivyo. Mpaka leo najiuliza: aliniamini, au ni mimi tu ninayetaka iwe hivyo?

Karibuni.

Saa Tisa Usiku

Nimeisoma mara mbili kabla ya kuandika. Yangu haina mwisho mwema, lakini umesema tupeane uzoefu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Marehemu baba alimkuta mtoto wa kulungu pembeni mwa barabara, mama yake amegongwa na gari. Akamleta nyumbani ndani ya koti. Tulimlea kwa maziwa ya mbuzi, na zamu ya saa tisa usiku ilikuwa yangu, ndiyo maana ya jina langu hapa. Tukamwita Doa.

Sijui niwaeleze vipi jinsi mnyama yule alivyonipenda. Alinifuata mpaka chooni. Akishiba ananyonya pindo la shati langu mpaka usingizi unamchukua. Alikuwa akinisugua miguu kwa paji la uso, na baadaye nikajifunza kwamba pale kuna tezi za harufu, kwa hiyo alikuwa ananitia alama kama mtu wa kundi lake. Pembe za kwanza zilipoanza kuota zilivikwa ngozi laini yenye manyoya mafupi, ukizishika zina joto kwa sababu damu inapita ndani yake. Aliniruhusu mimi tu kuzigusa.

Mwaka wake wa pili majani yalipoanza kukauka, ile ngozi ikakatika vipande vipande, akawa anasugua pembe kwenye miti mchana kutwa. Shingo ikanenepa. Macho yale yale, lakini mtazamo mwingine. Siku moja mama alitoka kuanika nguo, Doa akainamisha kichwa. Mama alivunjika mbavu mbili.

Daktari wa mifugo alitueleza jambo ambalo laiti tungelijua mapema. Dume aliyelelewa na watu peke yake hukua bila kumwogopa mtu. Msimu wa kupandana ukifika, damu inachemka, na anapotafuta dume mwenzake wa kushindana naye, anayemwona mbele yake ni mtu. Yule wa porini angekimbia. Doa hakuwa na sababu ya kukimbia, sisi ndio tulimwondolea.

Hatukupata mahali pa kumpeleka. Siku alipochomwa ile sindano nilimshika kichwa mimi. Mama, na mbavu zake zilizofungwa, ndiye aliyelia kuliko wote.

Mama Wawili

Pole sana ndugu yangu. Nimesoma nimeshindwa kuendelea na kazi.

Muuguzi wa Pori

Saa Tisa, pole. Na usijibebeshe lawama. Mlimwokota akiwa yatima kweli, na mtoto wa miaka kumi na minne angejuaje?

Mimi niko mwaka wa tisa katika kituo cha kuokoa wanyamapori, na kila msimu wa kuzaa simu ni zile zile: "Nimeokota kitoto kimetelekezwa." Wengi wao hawakutelekezwa. Mtoto wa siku za kwanza karibu hana harufu, na kinga yake ni kulala bila kutikisika. Mama ndiye mwenye harufu, kwa hiyo anajitenga naye makusudi asimletee adui. Anakwenda kula mbali, anarudi mara chache kwa siku kunyonyesha, kisha anaondoka tena. Mtu anapita, anamwona mtoto peke yake, huruma inamshika, anambeba. Jioni mama anarudi, patupu. Nimewahi kuambiwa na mtu kwamba alimsikia jike akiita kando ya shamba lake siku mbili mfululizo.

Kama umembeba leo, mrudishe leo, pale pale ulipomtoa. Habari kwamba mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako si kweli. Wa kusaidiwa ni yule ambaye mama yake amekufa mkimwona, au ana jeraha, au nzi wamemzonga, au anazunguka akilia kutwa. Tazama pia ncha za masikio: zikijikunja, amekaukiwa maji. Hapo piga simu kwa wahusika, usianze na chupa yako mwenyewe.

Sisi yatima tunawalea kwa makundi, kamwe si mmoja mmoja. Chupa zinafungwa kwenye ubao wenye pazia, mlishaji haonekani, na hatuzungumzi. Miezi yote hiyo unamjua kila mmoja kwa madoa yake, yeye hakujui. Mwaka wangu wa kwanza hilo liliniuma sana. Siku ya kuwaachia, lango likafunguliwa, wakatoka mbio bila kugeuka nyuma, nami nikalia kwa raha.

Umande, kuhusu swali lako. Majike wengine huficha watoto karibu na nyumba kwa kuwa wanyama wawindaji hawapendi kusogelea watu. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Lakini nyumba hapo jirani bila shaka zilikuwa nyingi, na yeye alichagua dirisha lako.

Theluji na Kengele

Mimi niliwahi kukaa msimu mmoja wa baridi na wafugaji wa Kisami kaskazini mwa Norway, wale wanaofuga reindia. Hao ni kulungu pia, na ndio pekee katika jamii hiyo ambao majike nao huota pembe. Nilikwenda nikitarajia mapenzi ya kukumbatiana. Sikuyaona. Wafugaji hawabembelezi.

Nilichokiona ni kingine. Mzee niliyefuatana naye alisimama mbele ya kundi la mamia, wote rangi ya theluji chafu machoni pangu, akaninyooshea kidole: yule ni wangu, yule wa dada yangu, yule mama yake alikufa mwaka juzi. Kila mwenye mifugo ana mkato wake wa sikio, ni kweli, lakini kwa umbali ule sikio halionekani. Alikuwa anawajua kwa mwendo.

Usiku nilikuwa nasikiliza miguu yao. Reindia akitembea, kano za mguu zinatoa mlio mdogo, tik, tik, na kundi zima likipita ni kama mvua inayoanza juu ya bati. Wana hamu ya chumvi kiasi kwamba mtu akienda haja ndogo kwenye theluji wanamfuata. Wataalamu wengine wanadhani huenda hamu hiyo ilichangia kuwasogeza karibu na binadamu hapo kale. Na macho yao! Kiangazi ndani yana rangi ya dhahabu, baridi ikiingia yanageuka buluu ili yaweze kuona katika giza refu. Mimi nilibahatika kuyaona ya buluu.

Msafiri Mtulivu

Nilifika Nara, Japani. Kulungu zaidi ya elfu moja wanatembea bustanini na barabarani, si wa mtu, na watu wa pale wamewaheshimu kwa karne nyingi kwa imani kwamba mungu wa hekalu la Kasuga alikuja amempanda kulungu mweupe. Unainamisha kichwa, naye anainamisha. Nilitetemeka mara ya kwanza.

Ila niseme na hili. Mwaka 2019 kulungu kadhaa wa Nara walikutwa wamekufa na plastiki nyingi tumboni, mifuko na vifungashio vya vyakula vya wageni. Waliletewa na watu waliowapenda kama mimi. Ukienda, kilichobaki mkononi ondoka nacho.

Binti Fundi

Linaloandikwa hapo juu linanirudisha kwa jirani yetu, bibi mmoja mjane, Mungu amrehemu. Baridi kali ilipoingia aliwaonea huruma kulungu waliokuwa wakitafuna magome, akawamwagia mahindi, ndoo kwa ndoo. Baada ya siku chache wanne wakakutwa wamelala wamekufa, matumbo yamejaa. Wakati wa baridi tumbo la mnyama anayecheua limeshazoea vijiti na magome, vijidudu vya ndani vinavyomsaidia kusaga chakula ni vya kazi hiyo. Nafaka nyingi kwa ghafla inageuka asidi na kumuua.

Bibi hakuwahi kuambiwa. Sote mtaani tulijua sababu, tukakubaliana kumwambia kwamba ni baridi. Sijui kama tulifanya vyema.

Saa Tisa Usiku

Mlifanya vyema, dada.

Umande wa Alfajiri

Nimesoma zote, kila moja. Saa Tisa, ahsante kwa kutuletea Doa.

Muuguzi, niongeze kipande nilichokiacha. Yule wa sikio lililochanika alikuja misimu mitatu, wa nne hakuja. Nilitazama ua kila alfajiri mpaka theluji ikayeyuka. Nilishaacha kazi za usiku lakini nilikuwa naamka tu.

Nasikia majike wakikua hawaendi mbali na pale mama zao walipowazalia. Mwezi uliopita amekuja jike mwembamba, masikio yote mazima, akasimama mahali pale pale. Nilitoka na kikombe changu, nikaganda mlangoni nikisubiri apige kwato.

Hakupiga.