Kupima dawa mupya mbele ya kuipa mutu: panya, imbwa, kima ao seli za ini?

Kadutu_Farma (Bukavu)
Wapendwa habari. Niko naandika travai yangu ya mwisho, promoteri (mwalimu mwenye ananiongoza) anataka nilinganishe nyama zenye banatumiaka kufwata vile dawa inaingia, inatembea na inatoka mu mwili. Gani njo inakaribia mutu zaidi? Minaona bengi banakimbilia panya juu ya bei.

Dada_Himbi (Goma)
Inategemea dawa. Angalia remdesivir, dawa ya virusi, ile walijaribu Beni na Butembo 2018-2019 mu PALM, majaribio ya dawa za Ebola. Mu damu ya panya mudogo kuko enzimu (protini yenye inakata vitu mu mwili) inaikata mbio sana, kwa mutu haiko vile, sasa ukiipima ku panya wa kawaida utasema dawa haina kazi. Ilibidi watafute panya wenye walitolewa jeni yenye inatengeneza ile enzimu. Kwa Ebola yenyewe waliipima ku kima.

Katuba_Labo (L'shi)
Yaya Himbi uko sawa lakini musitupe panya hivi hivi!! Panya mukubwa wa gramu 250 ana damu kama mililita 16, unaweza kuchota kidogo kidogo ku mukia, dakika 5, 15, nusu saa, saa moja, mpaka kesho yake, na ni panya yuleyule, kurbe yako (mustari wa vile dawa inapanda na kushuka mu damu) inatoka safi. Ule mudogo hana hata mililita 2, mara mingi kila saa ya kupima unaua bengine. Tena kundi moja unapiga ku mushipa, lingine unapa kwa kinywa, unalinganisha, unajua ngapi inafika kweli mu damu.

Kadutu_Farma
Aksanti docta. Na imbwa?

Katuba_Labo
Imbwa anameza komprime nzima kama mutu, panya hawezi. Ila hana zile jeni za NAT, enzimu zenye zinabadilisha dawa zingine. Isoniazidi ya TB kwa mutu inakatwa na NAT2 mu ini, kwa imbwa ile njia haiko kabisa.

Birere_Boy (Goma)
Kwa antikorpo (protini za kinga) mambo ni mengine. mAb114, antikorpo ya kutibu Ebola, ilitoka ku mutu alipona Ebola ya Kikwit 1995, ini haiikate na enzimu za kawaida, kuko risepta (protini ya mwili yenye inaishika) inayoilinda, njo maana kwa mutu kisha siku kama 24 nusu yake ingali mu damu. Risepta ya panya inashika antikorpo ya mutu kwa nguvu kupita, inakudanganya kama itakaa sana. Pale lipia kima tu.

Dada_Himbi
Mie ningeanza na seli za ini. Unaweka dawa ku seli za mutu, za panya, za imbwa, za kima, unaangalia vipande vyenye vinatoka, kisha unachagua nyama yenye inatoa vipande sawa na mutu. Bei nafuu, na hauue kitu ovyo.

Birere_Boy
Seli hazina figo wala matumbo dada 😅

Dada_Himbi
Ndiyo, na nyama nazo zinapitwa. Fialuridini 1993 Marekani, wagonjwa 15 wa hepatiti B, 5 walikufa juu ya ini, na ku nyama hawakuona ile hatari. Kwa hiyo mi siamini kimoja peke yake. Kadutu, dawa yako ni gani hata?

Kadutu_Farma
Artemisia, majani ya kuchemsha.

Katuba_Labo
Aaah ungesema mwanzo! Majani iko na molekili mingi, chagua moja ya kufwata mu damu, artemisinini, bila ile labo itapima nini? Na doze moja haitoshe: kwa mutu, ukiirudilia siku kwa siku kipimo mu damu kinashuka, juu inaamsha enzimu za ini zenye zinaikata yenyewe. Pima siku ya kwanza na siku ya mwisho. Dume na jike usichanganye, ini ya panya mukubwa dume inakata dawa mingi mbio kuliko ya jike.

Kadutu_Farma
Sawa, panya bakubwa basi, na seli kama labo itapata. Promoteri atauliza doze?

Katuba_Labo
Miligramu kwa kilo ya panya mukubwa, gawanya kwa 6,2 upate ya mutu. Kwa imbwa ni 1,8. Ni ya kuanzia tu, usiandike kama ni doze ya kupa bagonjwa.