Kutoka bandari ya Civitavecchia hadi hoteli Roma kwa bei nafuu

Swali: Wakuu, meli ya kitalii inatushusha Civitavecchia asubuhi. Tuko wanne na hoteli iko karibu na Vatikani. Teksi tumetajiwa zaidi ya euro 100. Kuna njia nafuu?

Jibu: Treni ya mkoa, kama euro 5 kwa kichwa. Basi la bure la bandari huishia Largo della Pace. Kutoka hapo pandeni basi la mjini hadi stesheni, au tembeeni kama dakika 20. Msiende hadi Termini, stesheni kuu ya Roma, mtalazimika kurudi nyuma. Shukeni Roma San Pietro, Vatikani ni mwendo mfupi tu.

Jibu: Nyongeza, na hapa ndipo wageni wengi huumia: tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Isipogongwa, mkaguzi anakupiga faini inayozidi nauli mara nyingi. Pia msipande Intercity (treni ya masafa marefu) kwa tiketi ya treni ya mkoa, haikubaliki, na treni hiyo haisimami San Pietro.

Muulizaji: Na masanduku makubwa?

Jibu: Hayalipiwi, ila nafasi ni finyu. Basi la mjini litawafaa kuliko kuyaburuta.