Mwanangu wa miaka 19 na kukwea miamba: ni nini kinachowapeleka huko? Naomba ushauri

MamaWatatu
Habari zenu wadau. Kijana wangu hakuwahi kupenda mchezo wowote. Miezi minane iliyopita rafiki yake alimpeleka kwenye ukumbi wenye kuta za kukwea, na tangu siku hiyo akili yake yote iko huko. Viganja vimeota sugu. Sasa anataka kwenda kwenye miamba yenyewe, nje.

Baba yake anasema anatafuta sifa. Hofu yangu ni nyingine. Mwaka jana alipita kipindi kizito, alikuwa hatoki chumbani. Nilipomuuliza huko juu anafuata nini, akanijibu: "Mama, nikiwa ukutani kichwa kinanyamaza." Usingizi ukaniruka. Mnaokwea, niambieni ukweli, nyinyi mlifuata nini? Na je, nimkataze?

Kidole_Kigumu
Shikamoo mama. Jibu lililokunyima usingizi ndilo ambalo wengi wetu tungekupa. Mguu ukiwa umesimama kwenye ncha ya jiwe isiyozidi upana wa sarafu, huwezi kuwaza deni wala ugomvi wa jana. Unawaza mguu tu, kisha mkono, kisha pumzi. Hatutafuti kifo pale, tunatafuta utulivu. Huko Ujerumani watafiti wamewahi kutumia ukweaji wa kuta fupi zenye magodoro chini kama sehemu ya tiba ya sonona.

Nadhani kinachowatisha wazazi ni zile picha za Alex Honnold, aliyepanda El Capitan bila kamba Juni 2017, mwamba wa takriban mita 900, kwa muda usiofika saa nne. Hata yeye aliifanyia njia ile mazoezi mengi akiwa na kamba. Sisi wengine tunafungwa kamba, na mwenzako yuko chini ameishika.

Mgeni_Mjini
Mimi nilifuata watu. Nilikuwa nimehamia mahali nisipojua mtu. Pale ukutani usiyemfahamu anakuonyesha pa kuweka mguu, na ukifika juu anashangilia kama ndugu yako. Sijaona mchezo mwingine wa namna hiyo.

Mzee_wa_Kamba
Baba yake hajakosea kabisa, tusimdanganye mama. Njia hupimwa kwa viwango vya ugumu, na vijana huanza kukimbiza namba. Tangu mchezo uingie Olimpiki ya Tokyo naona wengi wanakuja na hamu hiyo. Si vibaya, ila mwenye haraka ndiye anayesahau kukagua fundo.

Mama, usimkataze. Muulize nani atamshikia kamba, na nani mzoefu atakayewaongoza, kwa sababu ukumbini kamba huwa imeshafungwa juu, nje mnaifunga wenyewe. Avae kofia ngumu, mawe huanguka. Na apumzishe vidole: misuli hupata nguvu upesi, lakini kano huchelewa sana, hapo ndipo wengi wa umri wake huumia.

DadaMlezi
Naongeza moja. Kukwea kumsaidie, lakini kusichukue nafasi ya daktari au mshauri kama alikuwa naye. Ukiona anaanza kwenda peke yake, anaficha anakokwenda, au anadharau kamba, hapo kaa naye mzungumze siku hiyohiyo. Maadamu bado anakusimulia, mimi ningekuwa na amani.

MamaWatatu
Mungu awabariki. Jana usiku nilimwomba anionyeshe hilo fundo. Akaenda kuleta kamba yake, akafunga fundo lenye umbo la namba nane, akalipitisha mara ya pili, akanieleza kwa nini mwenzake lazima alikague kabla hajainua mguu. Alizungumza karibu saa nzima. Mwaka jana nilikuwa sipati maneno matano kwake kwa siku. Kisha akalifungua, akanipa kamba nijaribu. Nimekosea mara tatu, ya nne likakaa.

Miamba ya nje tumekubaliana asubiri mpaka nionane na huyo atakayewaongoza. Jumamosi naenda ukumbini kumtazama. Kuna mtu atanielekeza nikae wapi nisiwe njiani mwa wanaoshika kamba?