Pesa za kampeni zikibaki, ni za nani?

Mleta mada
Wakuu, mgombea amechangiwa na maelfu ya watu. Uchaguzi umepita, kashindwa au kajitoa mapema, na akaunti ya kampeni bado ina pesa. Hizo pesa ni za nani?

Nitumie mfano wa Marekani, kwa sababu kule hesabu za kampeni za ngazi ya shirikisho ziko wazi kwa yeyote. Pesa zikibaki, mgombea anaruhusiwa kulipa madeni, kuwarudishia waliochanga, kuzipeleka kwa shirika la hisani, kuzihamishia chama chake bila kikomo, kumpa mgombea mwingine hadi dola 2,000 kwa kila uchaguzi, au kuzitunza mpaka agombee tena. Alichokatazwa ni matumizi binafsi. Lakini sheria haijamwekea siku ya mwisho. Anaweza kustaafu siasa leo, akaunti ikabaki wazi miaka na miaka.

Mimi nasema madeni yakishalipwa, kila senti irudi kwa waliochanga, kwa uwiano wa walivyotoa, ndani ya miezi sita. Walichangia kampeni ile. Hawakumchangia mtu na maisha yake yote ya siasa.

Nyundo
Aliyetoa katoa. Anayeona uchungu na dola 20 zake asingezitoa. Hawa wachangiaji wadogo wadogo wanajitakia: wanatumiwa ujumbe wa vitisho usiku wa manane, wanabonyeza, kukicha wanaanza kudai.

Mama Zuhura
Nyundo, hilo neno "wanajitakia" limenikera. Mwaka 2020 kampeni ya Trump iliweka kwenye ukurasa wa kuchangia kisanduku ambacho tiki ilikuwa tayari imeshawekwa. Unachanga mara moja, usipoiona na kuiondoa, kadi yako inakatwa tena na tena. Kuna wazee walishtukia akaunti zinakauka. Mwishowe zikarudishwa zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2021 makamishna wa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC, wa vyama vyote viwili, wakakubaliana kwa kauli moja kuiomba Kongresi ipige marufuku mtindo huo. Nao hao walijitakia?

Nyundo
Mama, sijagusa habari za visanduku. Nimemzungumzia mtu mzima aliyetoa kwa hiari yake. Usinibebeshe nisilolisema.

Mama Zuhura
Umesema "wachangiaji wadogo wadogo". Ni walewale.

Mhasibu
Tusipite haraka kwenye hiyo milioni 100. Kila mara tunaambiwa kuwarudishia watu wengi haiwezekani. Imewezekana. Aliyetoa zaidi ya dola 200 jina lake limo kwenye taarifa za FEC. Wa chini ya hapo si lazima atajwe, lakini kama alilipa kwa kadi, kumbukumbu ipo.

Niliwahi kushika mchango wa matibabu ya ndugu yetu. Akafariki kabla ya upasuaji. Nilikaa na daftari, nikapiga simu jina kwa jina: nikurudishie, au ziende kwa watoto wake? Karibu wote walisema ziende kwa watoto. Lakini niliuliza. Mwanasiasa anashindwaje kuuliza?

Kichwa Ngumu
Mhasibu, hapo umepotoka kabisa. Unamlinganisha marehemu na mtu anayetafuta kura? Aliyemchangia mgonjwa anataka mgonjwa apone, basi. Anayemchangia mgombea ana lake analolitaka, na wakubwa wanataka simu zao zipokelewe. Ukiwarudishia hao kwa uwiano, fungu kubwa linakwenda kwa wakubwa haohao.

Rehema
Naomba niseme kitu, maana huo mfano umenigusa vibaya. Mume wangu alichangiwa matibabu. Alipofariki zilibaki pesa, nikalipia ada ya watoto. Sikumpigia mtu simu, sikuwa na nguvu hiyo. Kwa maneno ya Mhasibu mimi ni mwizi?

Mhasibu
Dada Rehema, pole sana kwa msiba. Hapana. Watu walimchangia baba wa familia, na familia ndiyo iliyobaki. Hakuna aliyetoa pale ambaye angekudai. Mimi nilipiga simu kwa sababu daftari lilikuwa mkononi mwangu na pesa hazikuwa za nyumba yangu.

Rehema
Ahsante, lakini uliandika "lakini niliuliza" kana kwamba asiyeuliza ana doa. Anayefiwa hashiki daftari.

Nyundo
Dada Rehema pole. Na hapa ndipo hoja yangu inaposimama: watu walitoa, wakakuamini, hawakurudi nyuma kudai. Mgombea naye aaminiwe hivyohivyo.

Mama Zuhura
Nyundo, usimtumie mjane kumkinga mbunge! Mbunge anaaminiwa vipi? Yule Duncan Hunter wa California si alifungwa kwa kununua sungura kwa pesa za kampeni?

Shahidi
Hakununua sungura na hakufungwa. Pesa za kampeni zililipia nauli ya ndege ya sungura wa familia, pamoja na matumizi mengine mengi ya nyumbani. Alikiri kosa Desemba 2019, akahukumiwa miezi 11 mwaka 2020, na kabla hajaripoti gerezani Trump akamsamehe. Aliyefungwa kweli ni Jesse Jackson Jr. wa Chicago. Alihukumiwa miezi 30 mwaka 2013 kwa kutumia takriban dola 750,000 za kampeni, ikiwemo saa ya Rolex ya dola 43,350.

Mama Zuhura
Sungura ni sungura. Pesa ya mchangiaji ilimpandisha ndege.

Nyundo
Na sheria ikawashika wote wawili. Kipimo kipo: gharama hii ingekuwepo hata kama mtu huyu si mgombea wala mbunge? Ikiwa ingekuwepo, ni matumizi binafsi. Sasa mnataka nini zaidi?

Shahidi
Marufuku ya matumizi binafsi haikuwa na meno kwa kila mtu tangu mwanzo. Iliwekwa mwaka 1979, lakini waliokuwa bungeni tarehe 8 Januari 1980 wakaachwa nje. Hao waliruhusiwa kuondoka na salio likawa lao. Sheria ya maadili ya 1989 ndiyo iliyoziba tundu, nayo ikawapa hadi Januari 1993 kuamua: ondoka na pesa, au baki uzikose. Wabunge walijitungia mlango wao wenyewe wa kutokea, Nyundo, na wewe unataka waaminiwe.

Kichwa Ngumu
Kanada hawambembelezi mtu. Mgombea wa chama akibakiwa na salio, anakabidhi kwa chama au tawi lake la jimbo. Mgombea binafsi, salio linakwenda hazina ya serikali. Hakuna cha kutunza hadi safari ijayo.

Mama Zuhura
Chama? Nimchangie mtu kwa sababu amekipinga chama chake, halafu pesa yangu ikaishie kwa wale aliowapinga? Sitaki.

Nyundo
Bloomberg, yule bilionea aliyewania urais, alipojitoa Machi 2020 alikihamishia chama cha Democratic dola milioni 18 na hakuna aliyelia hapa.

Shahidi
Zilikuwa zake. Kampeni ile aliigharamia mwenyewe. Na walikuwepo waliolalamika, kwa sababu mtu wa kawaida haruhusiwi kukipa chama kiasi kama hicho. Kampeni ikawa bomba la kupitishia.

Mleta mada
Ndugu zangu, tumezunguka kwenye sungura, msiba na Kanada, na hakuna hata mmoja aliyegusa siku ya mwisho. Kwa nini akaunti ya aliyestaafu iendelee kuwa wazi? Mtu anagawa hisani kwa jina lake, na pesa ni za watu aliowaomba zamani. Anapigwa picha na hundi, wao hawatajwi.

Rehema
Yatima anayelipiwa ada kwa hundi hiyo hajali nani kapigwa picha. Nasema nikiwa na watoto shuleni.

Mama Zuhura
Sawa dada, lakini aliyetoa aulizwe mapema, wakati anachanga. Kwenye ukurasa uleule wa kulipia viwekwe visanduku vitatu: zikibaki nirudishieni, zipelekeni kwa chama, zipelekeni kwa hisani. Vyote vitupu, mtu aweke tiki mwenyewe.

Nyundo
Hilo nalikubali kwa michango ijayo. Kwa pesa zilizokwishatolewa, msimamo wangu ni uleule.

Kichwa Ngumu
Na asiyeweka tiki popote?

Mleta mada
Arudishiwe, ndani ya miezi sita.

Nyundo
Zibaki kwa mgombea. Alipewa yeye.