Kesha ya Ijumaa sikosi, ila Jumatatu nimeshalala kiroho

MamaT_Githurai: Wapendwa niulize. Ijumaa naomba mpaka asubuhi, lakini Jumatatu nikipanda matatu Thika Road na makanga aninyime chenji, wokovu wote unashukia stage inayofuata. Nyinyi mnakesha aje siku za kawaida?

fundi_kayole: Pole dadangu, hata Petro aliambiwa akeshe pale Gethsemane akalala, na si mara moja, Yesu alirudi mara tatu akawapata wamesinzia. Mimi yangu ilikuwa kubeti, nilikuwa nafungua simu kabla sijafungua macho poa, sasa simu inalala sebuleni na nikiamka nasoma Zaburi kwanza (siku nimechelewa ni ile ya 117, mistari miwili tu, usinihukumu haha).

shosho_mtandaoni: Mjukuu wangu, soma Nehemia 4:9. Waliomba na wakaweka walinzi, mchana na usiku, hawakuomba tu wakaenda kulala. Sasa mlinzi wako ni nani? Tafuta mama mmoja hapo kanisani mpigiane simu kila jioni mwambiane ukweli, hata wa makanga.

MamaT_Githurai: Asante shosho, nitatafuta. Lakini hiyo mbao yangu (ile chenji ya shilingi ishirini) bado naidai 😂