Makumbusho ya wanyama: huko stoo kunakuwaje?

mzee_wa_maswali: Wakuu habari zenu. Kuna jamaa yangu anasoma Berlin, katuma picha za yule dinosaria wa Tendaguru aliyesimamishwa Museum für Naturkunde, halafu ananiambia eti kinachoonyeshwa ni kidogo tu, mizigo mingine toka Lindi iko stoo haijafunguliwa mpaka leo. Kweli au kanipiga kamba? Na miaka yote hiyo wanafanya nini huko nyuma?

fupa_gumu: Hajakupiga kamba mkuu. 1909 mpaka 1913 zilitoka tani zaidi ya 200 za mifupa ya dinosaria, wapagazi wamebeba kichwani na begani toka Tendaguru mpaka bandarini Lindi kwa miguu, vipande vingine vimezungushiwa fito za mianzi na kufungwa kamba, na baadhi ya hiyo mianzi ipo vilevile hadi leo. Kutoa jiwe kwenye mfupa ni sindano, brashi na gundi, kazi ya kuinamia meza miezi na miezi, ndo maana huyo mkubwa alikuja kusimama 1937. Na kichwa unachokiona kule juu ni cha kuigiza, chenyewe ni kizito na kinavunjika kirahisi.

Halafu Vita Kuu ya Pili, jengo likapigwa bomu, mizigo ya stoo ikachanganyikana. Kuna mmoja uliobaki ndani ya ganda lake la plasta la safarini wakaupitisha kwenye siti skani ya hospitali bila kuufungua, kumbe wala si wa Tendaguru, ni wa Halberstadt hukohuko Ujerumani 😂

bi_maabara: Mimi nimewahi kusaidia kwenye stoo ya mifupa, sio Berlin lakini. Kusafisha fuvu hawakwangui kwa kisu, linawekwa kwenye sanduku la wadudu, walewale wanaoshambulia samaki wakavu ghalani, wanakula nyama yote hata kwenye vitundu vya pua ambako mkono haufiki. Harufu sasa, usiombe. Ila haohao wakivuka kwenda chumba cha ngozi na ndege waliokaushwa ni msiba, kwa hiyo kila kinachoingia kinagandishwa kwanza kwenye friza.

mzee_wa_maswali: Duh. Sasa dada kuweka stoo panya elfu wa aina moja wa nini si watupe wabaki na wawili watatu

bi_maabara: Hapana kaka. Mayai ya kipanga yaliyokusanywa zamani, watu waliona kama anasa tu ya matajiri wa Uingereza, ndo yaliyoonyesha kuwa maganda yalianza kuwa membamba DDT, ile dawa ya kuua wadudu, ilipoanza kutumika. Ungebaki na mayai mawili ungelinganisha na nini?

mwana_lindi: Yote sawa, lakini vibao vyao vingi vinataja maprofesa. Boheti bin Amrani ndo alikuwa msimamizi wa wachimbaji pale, nani anamjua? Mimi hiyo mianzi isiyofunguliwa ningependa ifunguliwe Lindi, vijana wetu wafundishwe hiyo kazi ya sindano.

fupa_gumu: Hapo nakuunga mkono. Ila waanze na jengo lisilovuja.