Naombwa kubeba msalaba Ijumaa Kuu, na anayeniomba hajui kilichotokea ziwani

Mvuvi_wa_Giza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Kwaresma. Naandika saa saba mchana, ndiyo kwanza nimeamka. Dagaa wa jana wako juani na giza limekolea, yaani zile siku zisizo na mwezi ambazo ndizo za kuvua dagaa, kwa hiyo usiku tunaingia tena. Nina miaka 34, mwalo wetu, yaani ufuko tunaposhushia, uko Mwanza upande wa Kayenze. Humu nimesoma siku nyingi, kuandika ni mara ya kwanza.

Mwanzoni mwa Aprili mwaka jana tulikuwa wanne mtumbwini. Tangu saa mbili usiku radi ilikuwa inapiga upande wa Ukerewe. Mwenzetu mmoja, humu nitamwita Jirani, akasema leo tulale. Mimi ndiye niliyebisha. Giza lilikuwa linaisha, zimebaki siku mbili tatu mwezi uanze kutukosesha kazi, na nilikuwa nadaiwa ada ya mtoto. Nikasema radi ile iko mbali, inamulika tu. Tukaingia.

Tulikuwa na majaketi mawili ya kuokolea, watu wanne. Upepo ulipogeuka nilivuta lililokuwa karibu nikavaa. Sikuangalia nani hana. Zipu yake ilikuwa mbovu, nikalifunga kwa kipande cha kamba ya wavu, na nakumbuka nilipiga mafundo mawili taratibu kabisa, kama mtu anayefunga kiatu aende kazini. Jirani alikuwa anachota maji kwa ndoo anamwaga nje. Alfajiri tuliokotwa watatu. Yeye alipatikana siku ya tatu.

Sasa mama yake anaanika dagaa hatua chache tu kutoka tunaposhushia. Ananiita mwanangu. Tukipandisha, uji wangu uko tayari. Jumapili baada ya ibada kigangoni akanivuta pembeni: "Ijumaa Kuu, kwenye Njia ya Msalaba, kituo cha tano, nataka wewe ubebe msalaba. Badala ya mwenzio." Na ameshamwambia katekista.

Sijaungama tangu usiku ule. Majivu ya kuanza Kwaresma sikupakwa, nilikuwa ziwani. Mama hajui kwamba mimi ndiye niliyesema tuingie, wala habari ya jaketi. Nikubali? Nimwambie kwanza? Au nitafute safari ya ghafla ya Sengerema?

Mchuuzi_Mwaloni

Pole sana mkuu. Mimi nipo Kirumba nanunua dagaa kila wiki, na ninavyoona wa kwanza kuungama ni tajiri wa mtumbwi. Majaketi mawili kwa watu wanne! Bei ya jaketi ukiilinganisha na mapato ya giza moja zuri ni aibu tupu. Unajilaumu peke yako kwa jambo lenye watu wengi nyuma yake.

Sato_wa_Ijumaa

Uzi mzito, nimeingia nikidhani ni mambo ya kujinyima. Nilitaka kuuliza kama sisi wa Mwanza tunafunga kweli, maana Ijumaa tunaacha nyama halafu tunakalia sato mzima wa kukaanga na ndimu. Ngoja nikae kimya. Pole kaka.

Mjukuu_wa_Bukumbi

Mimi nasema umwambie kabla ya Ijumaa Kuu. Wenzako wawili mliookoka nao wanajua. Siku mmoja wao akilewa akayamwaga, mama atakumbuka ulivyobeba msalaba mbele ya mwalo mzima ukijua. Atakuwa amefiwa mara ya pili.

Katekista_Mstaafu

Kijana wangu, amani kwako. Nimefundisha mafundisho mwaloni zaidi ya miaka ishirini, niruhusu niwe mrefu kidogo.

Kwanza majivu. Hayo si sakramenti, na kuyakosa si dhambi. Tena nikuonyeshe jambo ambalo wavuvi wangu wa zamani walikuwa wanalicheka. Pasaka inawekwa Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Rudi nyuma siku 46 unaangukia Jumatano ya Majivu, na hapo mwezi uko karibu kuandama, ndiyo kwanza umeandama au una siku chache tu. Mwaka huu ilikuwa 18 Februari, giza tupu. Ijumaa Kuu ni 3 Aprili, mwezi unakuwa mpevu siku moja kabla. Maana yake mvuvi wa dagaa kila mwaka majivu yanamkuta kazini, na kila mwaka Juma Kuu linamkuta nchi kavu, nyavu zimekunjwa. Kwa hiyo hiyo safari ya Sengerema huna hata kisingizio chake.

Pili kitubio. Kuvaa jaketi ili usife maji si dhambi, nakuambia hivyo bila kupepesa. Kuwasukuma wenzako waingie huku umeona radi, hilo lipeleke kwa padre alipime, usilipime mwenyewe saa nane za usiku juu ya maji. Atakachosikia pale hawezi kumwambia mtu, hata mama huyo, hata polisi. Usisubiri Alhamisi Kuu, foleni inakuwa ndefu na padre amechoka.

Tatu kituo cha tano, pale Simoni Mkirene anapomsaidia Yesu kubeba msalaba. Simoni hakujitolea. Alikuwa anatoka shamba, anapita zake, wakamshika wakamshurutisha. Hakuna aliyemuuliza kama anastahili. Watu wengi wanaogombania kubeba msalaba siku hiyo wanataka kuonekana. Wewe unaogopa, na kwa kituo hicho mimi ningekuchagua wewe.

Nahodha_Igombe

Mimi ni Mwislamu, tunamalizia Ramadhani, mwaka huu tumeanza kufunga wiki moja na nyinyi na mtumbwini kwetu hakuna anayepika mchana. Nakuunga mkono tu kama mtu wa maji. Mwaka fulani nilisema tuingie, wenzangu wakakataa, tukalala. Usiku ule ziwa lilichafuka vibaya. Ningekuwa wewe. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilibishiwa.

Mama_wa_Nyakato

Mwanangu, ziwa lilimchukua kifungua mimba wangu, miaka imepita. Waliokuwa naye walikuja msibani, wakalia, kisha wakaacha kupita njia yangu. Hadi leo wakiniona sokoni wanahamia upande wa pili wa barabara. Nilikuwa na maswali madogo tu. Alikula nini usiku ule? Alikuwa amevaa lile sweta la bluu? Alimtaja nani? Hakuna aliyenijibu.

Huyo ndugu anayesema umwambie haraka ana haki. Lakini usiende na jaketi lako mkononi kama mtu anayetafuta pa kutua mzigo, ukautua kwa mama wa watu ukaondoka mwepesi. Nenda ukae. Shika ungo, msaidie kuchambua. Akiuliza, jibu. Akifika kwenye jaketi, usimdanganye.

Mjukuu_wa_Bukumbi

Mama, nimekuelewa. Shikamoo.

Mvuvi_wa_Giza

Wakuu, wabeja sana. Sikujibu kwa sababu mtandao huku unakuja na upepo.

Jana sikulala baada ya kushusha. Nilienda kwake nikakaa kwenye ndoo. Alikuwa anatoa furu wadogo na mawe kwenye dagaa. Nikamwambia mama, usiku ule mimi ndiye niliyesema tuingie, yeye alitaka tulale. Hakuinua kichwa. Mikono iliendelea, ikasimama, ikaendelea. Akauliza, mlikuwa mmekula? Nikasema tulikula ugali saa kumi na moja jioni, mwanao akachukua ukoko wote peke yake. Akacheka kidogo, akasema huyo tangu mtoto ukoko ulikuwa wa kwake. Halafu akafunika uso kwa kanga muda mrefu, mimi nikaendelea kuchambua kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Nilikuwa nafungua mdomo niseme la jaketi, wingu likatokea nyuma ya mawe, matone yakaanza. Mwalo mzima ukaruka. Mnajua mvua ya Machi na dagaa waliokaribia kukauka. Tulikusanya wake magunia manne tukayafunika turubai, tukalowa wote wawili, akanifokea kwamba nimefunga gunia vibaya, fundo langu ni la kitoto.

Kwa hiyo jaketi bado. Jumamosi saa kumi niko kwa padre. Giza limebakiza siku nne hivi, na mama amesema kesho nisichelewe, uji utapoa.